Kura ya Mwalimu wa Ngumbaru

Ukimwuliza alimpigia nani kura, alikuuliza wewe jana ulilalia ubavu gani. Aliuliza kwa uso mkavu, akasubiri jibu, na kama ulikuwa mwanamume mbele ya wenzako ulibaki unakohoa. Nimemsikia akimjibu hivyo mzee wa kanisa, na siku moja kijana aliyeletwa na gari la kampeni akiwa na fulana mpya ya chama. Kijana alijifanya amepigiwa simu akaondoka. Sisi tuliokuwa tukipepeta mpunga tulicheka mpaka ungo ukatuponyoka.

Namkumbuka sana siku hizi kwa sababu msimu wa siasa umeanza tena hapa Garsen, na magari yenye vipaza sauti yanapita mbele ya kibanda changu cha ushonaji tangu asubuhi. Kila gari lina wimbo wake, na kila wimbo una jina la mtu. Nakanyaga cherehani, kisha najikuta nimeinua macho kuangalia barabarani kama anakuja, leso kiunoni, ugoro ndani ya kichupa cha dawa ya macho. Haji, nami najua haji, na bado nainua macho. Naona haya kusema, lakini kuna mama yangu mzazi na kuna yeye, na sijui ni yupi ninayemkosa zaidi.

Kijijini kwetu, ukingoni mwa mto Tana upande wa Hewani, tulimwita Mwalimu tu. Walimu wa shule ya msingi waliitwa kwa majina yao. Yeye alifundisha ngumbaru, yaani kina mama na wazee wachache wasiopata shule, ndani ya stoo ya mpunga, alasiri, wakati watu wametoka shamba na bado hawajawasha moto wa chakula cha jioni. Ubao ulikuwa mlango wa zamani alioupaka unga wa betri zilizokufa. Wanafunzi waliingia na majembe yao, wakayaegemeza ukutani, wakakaa juu ya magunia. Mpunga mpya ukiletwa, darasa lote lilipiga chafya, naye aliendelea kusoma herufi katikati ya chafya kama hasikii kitu.

Walimu wengine huanza na a, e, i, o, u. Yeye alianza na kisanduku. Alichora mraba ubaoni, akaweka alama ndani yake, akamgeukia mwanafunzi mpya na kumpa chaki. Mikono iliyozoea jembe haikuzoea kitu chepesi namna ile; alama ilitoka nje, ikapanda juu ya mstari, ikateleza. "Hiyo imeharibika," alisema bila ukali. "Umetembea juani bure. Tena." Kwa kuwa chaki zilikuwa haba, aliwaambia wakajizoeze mtoni kwa kijiti wanapoosha masufuria. Miaka ile ungeshuka mtoni ungekuta tope la ukingoni limejaa visanduku, kila kimoja na alama yake. Wanaume walifikiri ni mchezo wa watoto wakavikanyaga wakienda kuoga.

Lazima nieleze kwa nini alianza hapo. Sheria inamruhusu asiyeweza kusoma aingie kupiga kura na mtu wa kumsaidia, mtu anayemchagua mwenyewe. Wanaume wa kwetu walilisikia neno "kusaidia" na lile la "anayemchagua mwenyewe" likawapita. Mtu alipanga foleni na mkewe, wakifika mezani anasema, "Huyu hajui kusoma, namsaidia mimi." Mwenye wake wawili alimwazima nduguye, maana msaidizi haruhusiwi kusaidia zaidi ya mtu mmoja. Mama yangu alipiga kura namna hiyo tangu ujana wake. Aliniambia hakuwahi kuishika kalamu ya kule. Baba aliishika kalamu, naye alishika shati la baba ili asipotee. Walipotoka alikuwa hajui hata kura yake imekwenda kwa nani.

"Mle ndani huna mume, huna mwana, huna mchungaji," Mwalimu aliwaambia. "Mna wewe na karatasi. Ukitoka, mumeo yuko palepale anakungoja, hajaenda popote."

Na mtu huyohuyo, nyumbani kwake, alimwandalia mumewe chakula akiwa amepiga magoti. Nilipokuwa msichana jambo hilo liliniudhi sana, nikamwuliza. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanateremka. "Namwandalia kwa sababu nampenda," akasema. "Kura ni habari nyingine. Usichanganye sufuria." Alitembea nyuma ya mumewe wakienda shamba, akambebea jembe lake, na sidhani mumewe aliwahi kujua kura yake hata siku moja. Alizaliwa kando ya mto na alivuka kwa mtumbwi akiwa amefumba macho, akinong'ona sala. Alikuwa mmbea wa kupindukia pia. Alijua nani amegombana na mkwewe, nani amenunua godoro, bibi harusi gani analia usiku, na yote aliyasema kwa raha akinusa ugoro. Siri moja tu ilimkaa kifuani, na ilikaa kweli.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwanamke wa Kiorma, wale wafugaji wa ng'ombe, aliyeleta maziwa. Kila kiangazi ng'ombe wao waliposhuka kutafuta maji, mama huyo alitokea asubuhi na vibuyu vyake, na Mwalimu alimpimia mahindi na kumpa mkungu wa ndizi. Walizeeka pamoja namna hiyo. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha kuunga, na Kiorma cha Mwalimu kilikuwa cha salamu na matusi madogo, lakini waliweza kukaa kizingitini mpaka jua likawafikia miguuni. Mimi nimekua kwa maziwa yale. Mpaka leo chai ya pakiti hainiingii vizuri, na wateja wangu hunicheka.

Ng'ombe hawafiki mtoni kwa kupita popote. Kuna malka, njia pana inayokata kati ya mashamba yetu mpaka kwenye maji, na ndiyo iliyotugombanisha tangu wazee wetu hawajaota ndevu. Iliwahi kufungwa mara moja nikiwa mdogo. Yaliyofuata sitaki kuyasimulia. Itoshe kusema tulilala vichakani na tuliona moshi pande zote mbili. Ilipofunguliwa, mama wa maziwa alirudi na kibuyu kimoja, wakakaa kizingitini mpaka maziwa yakaanza kuganda.

Sasa lipo jambo ambalo wasomi wa siasa wanaopita hapa na kamera zao hawaliulizi. Kwetu, mume na mke waliolala kitanda kimoja na kulima shamba moja waliitazama malka ile kwa macho mawili tofauti. Baba yangu akisikia malka alisikia mpaka, babu yake, na kwato juu ya mahindi yake. Mama alisikia maziwa, soko la Alhamisi, na usiku wa kulala ndani ya nyumba. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Lakini neno la baba ndilo lililokuwa likiingia kwenye sanduku la kura, mara mbili.

Ikafika uchaguzi ule wa kabla ya uliopita, na mtoto wa pekee wa Mwalimu akagombea kiti cha wadi akiahidi kuifunga malka.

Sitamchafua. Alikuwa kijana wa heshima, karani huko Hola, na alikuwa na sababu. Marehemu baba yake alilima msimu hadi msimu na ng'ombe wakala, na mara ya mwisho mzee alisimama katikati ya mabua siku nzima. Kijana alikuwepo siku hiyo. Aliposimama kwenye mkutano na kusema, "Baba yangu alikufa akiwa na njaa katika shamba lake mwenyewe," wanaume walilia waziwazi. Mpinzani wake, naye wa upande wetu wa mto, alisema malka ibaki na iwekewe vigingi ili ng'ombe wasitoke njiani. Hakuwa malaika, alikuwa na maneno mengi na viatu vyenye ncha. Wazee wakakaa barazani, wakakata shauri la kauli moja kama desturi, na kijiji kikawa cha mtoto wa Mwalimu.

Alasiri moja wanafunzi hawakufungua madaftari. Mama yangu ndiye aliyesimama. Mimi nilikuwa nimekuja kumletea leso, nikabaki mlangoni.

"Mwalimu, tumefundishwa kisanduku," mama akasema. "Sasa tuambie tumpe nani."

"Hilo sikufundishi."

"Ni mwanao."

"Najua ni mwanangu. Nilikuwepo." Wachache wakacheka, yeye hakucheka. "Mkinisikiliza mimi mtakuwa mmetoka kwa waume zenu mkaingia kwangu. Nendeni mkafikiri. Darasa limekwisha."

Walipotoka aliufuta ubao, na ubao haukuwa na kitu. Aliendelea kuufuta. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

Siku ya kura baba aliandamana na mama mpaka mezani. "Huyu hajui kusoma," akasema. Mama akasema, "Najua." Karani akamtazama baba, na baba akatazama viatu vyake. Nyuma yetu foleni nzima iliendelea hivyo, mwanamke mmoja baada ya mwingine akisema anajua, na wengine hawakuwa wakijua zaidi ya kile kisanduku na jina walilokariri. Wanaume hawakustuka sana. Walishahesabu kura kama mtu anavyohesabu sahani za nyumbani kwake, na hawakuona sababu ya sahani kuhama. Jioni waliagiza pilau ya ushindi. Kina mama wakapika. Nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu, na sijaona jiko tulivu namna ile. Mmoja akikutana macho na mwenzake, wote wawili waligeukia moto. Matokeo yalipofika pilau ilikuwa tayari. Yule wa viatu vya ncha alikuwa amepita kwa kura chache, na kura hizo zilitoka kwetu. Wanaume waliila hivyohivyo. Ilikuwa pilau nzuri.

Si kina mama wote. Dada yake Mwalimu alimpigia mpwa wake na akatangaza sokoni, kwa kuwa mahindi yake yalikuwa yameliwa mwaka ule. Wenzake walipomnunia, Mwalimu aliwakemea. "Kafikiri, kapiga. Mlitaka nini tena?"

Kijana alikuja kwa mama yake kesho yake. Nilikuwa uani nikimsaidia kuanika mpunga. Hakukaa.

"Mama, ulinipa?"

Safari ile hakumwuliza ubavu aliolalia. Alishika kichupa chake cha ugoro bila kukifungua. "Usiniulize hilo, mwanangu."

"Nakuuliza."

"Na mimi nakuomba usiniulize."

Mtu akijibiwa hivyo hujijibu mwenyewe. Kijana alirudi Hola, na hakulala tena katika nyumba ile kwa miaka. Ndilo linalonisumbua mpaka leo: neno moja lingemrudisha. Angeweza kusema ndiyo, hata kwa uongo, na nani angejua? Lakini angesema ndiyo kwa mwanawe, kesho yake kila mume kijijini angedai ndiyo yake. Alipokata kambare aliendelea kuweka pembeni kipande cha tumbo, ambacho kijana alikipenda tangu utotoni. Jioni aliwapa majirani. Nimekila kipande hicho mara nyingi na hakikuwahi kunishuka vizuri.

Malka ikabaki wazi. Kiangazi kilipofika mama wa maziwa alitokea, akakaa kizingitini, akasema, "Nasikia mtoto yako alianguka. Mimi iko na huruma." Mwalimu akamjibu, "Asante. Leta kibuyu." Akakipokea kwa mikono miwili.

Kitu kingine kilibadilika, na siku hizi watoto wanadhani kilikuwa hivyo daima. Wagombea walijifunza njia ya kwenda sokoni. Zamani walikwenda barazani, wakanywa kahawa, wakaondoka. Baada ya pilau ile walianza kuchutama mbele ya ndizi na vibuyu, wakiuliza mambo ya kisima na zahanati, wakichafua suruali zao. Mwalimu aliwatazama akinusa ugoro. "Wamegundua tupo," aliniambia. Sikumwona na furaha kubwa. Alikuwa amelipia.

Macho yakaanza kumwacha. Kwanza ubao, kisha nyuso, mwisho akawa anaona mwanga tu. Darasa likafungwa, stoo ikarudi kuwa ya mpunga. Nilikuwa nimehamia Garsen na cherehani yangu, nikamtembelea nilipoweza, nikimsomea habari kwenye simu, naye akizipinga zote. Katika uchaguzi uliopita kijana wake akagombea tena. Safari hii alikuja mpaka kwenye stoo, akawaambia kina mama kwamba malka itawekewa vigingi, na vitapigwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Halafu akaenda kumsalimu mama yake mlangoni, kwa heshima zote, kama anavyosalimiwa mpiga kura. Chai hakunywa.

Mwalimu akanipigia simu. "Njoo siku ya kura," akasema. "Uje na kitambulisho."

"Kwa nini mimi? Yupo dada yako."

"Dada yangu ana mdomo kama wangu. Wewe mdomo wako ni mzito."

Ndivyo nilivyomshika mkono mwanamke aliyetumia maisha yake kuwafundisha wenzake waingie peke yao, nikamwingiza. Alikuwa amefunga leso mpya na alikuwa na aibu. Niliisikia aibu yake kwenye vidole. Karani kijana aliuliza, "Huyu hajui kusoma?" Mwalimu akageukia sauti. "Huyu amesomesha nusu ya foleni yako. Macho ndiyo yamegoma." Nyuma yetu kina mama wakaguna kwa kukubali. Nikaapa kwamba nitaitunza siri ya kura yake, nikaweka sahihi, tukaenda.

Karatasi zilikuwa nyingi. Nilimsomea kila moja kwa kunong'ona, akataja jina, nikamwelekeza kalamu mpaka kwenye kisanduku, akaweka alama mwenyewe. Alikataa niishike kalamu. Tulipofika kwenye karatasi ya wadi aliuliza, "Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Picha yake iko wapi?"

Nilikichukua kidole chake nikakiweka juu ya uso wa mwanawe. Akakisogeza polepole, namna mtu anavyompangusa mtoto vumbi.

"Amekonda?"

"Kidogo," nikasema.

Kidole kikabaki palepale. Watu walikuwa wanasubiri, na sikuweza kumharakisha. Kisha akaondoa kidole, akanyoosha mgongo. "Haya. Nisomee wote, toka juu."

Nikasoma. Akataja jina. Nikamfikisha kwenye kisanduku, akaweka alama, ndani kabisa, hakuna mstari ulioguswa. Akakunja karatasi kwa ukucha.

Kijana alishinda, na vigingi vikapigwa. Vipo mpaka leo, ukienda utaviona. Sherehe zikamweka Hola, kisha vikao, kisha barabara ikakatwa na mafuriko. Mama yake alifariki kabla maji hayajapungua. Mwalimu hakuumwa sana. Alikuwa ameanza kunisimulia kwa simu umbea wa jirani mmoja, akasema atamalizia kesho, na mpaka leo sijui ule umbea uliishaje.

Tulimzika nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka. Mama wa maziwa alikaa mbali kidogo, kibuyu mapajani. Watu walipoanza kutawanyika mheshimiwa alinifuata nyuma ya migomba. Suti yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Dada," akasema, "wewe uliingia naye."

"Niliingia naye."

"Niambie tu neno moja. Hayupo tena. Hutamwumiza mtu."

Nilimtazama. Alikuwa mwakilishi wetu, mwenye walinzi na gari, na alisimama mbele yangu kama mtoto aliyepotea sokoni. Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo hapa, mbele ya meno. Nikamsikia Mwalimu akisema mle ndani hakuna mwana, na nikalimeza.

"Kura sikwambii," nikasema. "Nitakwambia kitu ambacho si kura. Aliomba nimwonyeshe picha yako. Akaishika kwa kidole. Akaniuliza kama umekonda."

Akakaa chini palepale, kwenye udongo mbichi, na suti yake.